Kalibu za Vipande na Akili ya Mfinyanzi



Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya udongo na juu ya kazi ya kumimina vyombo katika kalibu za plasta. Kazi hii bado ni ngeni kwa jamaa nyingi za Kamina. Lakini wako vijana wenye mikono mizuri wanaotafuta kazi ya kufanya, na wako akina mama wanaojua ufinyanzi kwa kurithi, ambao wanaona kazi yao ikipungua mwaka hata mwaka. Kwao hasa twaandika.

Sokoni mwetu, kama katika masoko mengi ya Kongo, sahani ni za plastiki na sufuria ni za alumini. Chungu cha udongo kimesogezwa pembeni. Basi hapo husikika maneno ya namna mbili. Kijana husema: «Kazi ya mkono imekwisha. Mama hufinyanga chungu kimoja mpaka jua linazama. Kalibu itafanya kumi. Tununue plasta.» Mzee humjibu: «Kalibu ni kazi ya mtu asiyejua kufinyanga. Chombo kisichopita mkononi si chombo.»

Je, nani kati yao ana haki? Sisi twaona kwamba kila mmoja ameshika nusu ya ukweli na kuiacha nusu nyingine. Tuitazame kazi yenyewe, kisha tuamue.

*Nchi yetu imejua yote mawili*

Kwanza, mtu asifikiri kwamba mkono ni wa Afrika na kalibu ni ya Ulaya. Kando ya Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, ambalo leo limo katika mkoa wetu wa Haut-Lomami, wataalamu walichimba makaburi ya kale mahali paitwapo Sanga mwaka 1957 na 1958, na tena mwaka 1974. Walikuta vyungu vingi vizuri ajabu, vilivyofinyangwa kwa mkono kati ya karne ya 8 na ya 13 hivi. Miongoni mwake yalikuwamo majiko madogo ya udongo ya kubebeka. Vyungu hivyo vina maumbo yanayorudiwa rudiwa kwa ustadi, hata mtaalamu akiona kigae tu aweza kutambua ni cha zama zipi.

Katika bonde hilo hilo yalipatikana pia mafungu ya misalaba ya shaba. Misalaba hiyo haikufuliwa mmoja mmoja kwa nyundo. Shaba iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu, ikapoa, ikatolewa. Kadiri karne zilivyopita, misalaba ikawa midogo na vipimo vyake vikakaribiana, mpaka ikafaa kutumika kama fedha. Na hilo ni la kufikiri: watu wa Katanga walijua tangu zamani kwamba kitu kinachotoka katika kalibu chaweza kulinganishwa na mwenziwe, na kwa hiyo kuaminika katika biashara.

Basi mfinyanzi na mmiminaji wote wawili ni mababu zetu. Hakuna sababu ya kuwagombanisha.

*Jinsi kazi inavyokwenda*

Plasta tunayosema ni ile ile ambayo waganga hufungia mfupa uliovunjika. Hutengenezwa kwa jiwe la jasi. Jiwe hilo lina maji ndani yake. Likipashwa moto wa digrii 150 hivi, hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga mweupe. Ukiutia unga huo katika maji, huyarudisha maji yake, hupata joto, na kugeuka tena kuwa jiwe. Jiwe hili jipya lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo hunywa maji kama ardhi kavu inywavyo mvua ya kwanza.

Hapo ndipo siri ilipo. Chukua udongo mzuri, uuchuje, uukoroge uwe kama uji mzito. Mimina uji huo katika kalibu kavu ya plasta. Plasta itanyonya maji ya uji ulio karibu nayo, na udongo utashikamana ukutani. Baada ya dakika 10 au 20 ukuta huo utakuwa na unene wa milimita 4 hadi 6. Kisha mwaga uji uliobaki katikati, uuhifadhi kwa kazi nyingine. Acha kalibu itulie. Udongo utakauka kidogo, utasinyaa, utaachana na plasta wenyewe. Fungua: chombo kimesimama, kitupu ndani, chepesi, na umbo lake ni la kalibu.

Yasimuliwa kwamba kalibu za plasta zilifika kwa wafinyanzi wa Staffordshire, nchini Uingereza, miaka ya 1740, zikiletwa kutoka Ufaransa na mtu aitwaye Ralph Daniel wa Cobridge. Kabla yake wengine walitumia kalibu za udongo uliochomwa, kama Warumi wa kale na watu wa Peru walivyofanya. Lakini plasta ilishinda kwa sababu hunywa maji upesi na kushika alama ndogo kabisa za mfano wake.

*Kwa nini vipande?*

Kalibu ya kipande kimoja yafaa kwa bakuli lililo wazi juu. Lakini chombo chenye tumbo pana na shingo nyembamba hakiwezi kutoka humo, kama vile mkono uliokamata karanga usivyoweza kutoka katika mdomo wa chupa. Kwa hiyo mafundi hugawa kalibu: kitako chini, mbavu mbili pembeni, na kinywa cha kumiminia juu. Vipande hushikana kwa vishimo na vinundu: kinundu cha huku huingia katika kishimo cha kule, ili visiteleze. Halafu vyote hufungwa pamoja. Ukanda uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baisikeli watosha kabisa.

Mpaka hapa kalibu ina vipande, lakini yatoa umbo moja tu. Ukitaka mtungi mrefu zaidi, huna budi kutengeneza kalibu nyingine nzima, na plasta si bure. Ndipo wafinyanzi wengine walipojiuliza swali dogo lenye faida kubwa: mbona tusitengeneze vipande vinavyoweza kubadilishana? Kitako hiki kikae chini ya tumbo lile. Shingo hii ikae juu ya tumbo lolote. Pete iongezwe katikati mtungi ukihitaji kurefuka.

Tufanye hesabu ya shule. Ukiwa na vitako vya namna 3, matumbo ya namna 3, na shingo za namna 2, na vyote vyakubaliana, utapata maumbo 18, kwa maana 3 mara 3 mara 2 ni 18. Kwa plasta ya sehemu 8 umepata kazi ya kalibu 18. Tena kipande kimoja kikivunjika, utatengeneza hicho kimoja tu, wala hutatupa kalibu nzima.

Lakini angalieni neno tulilosema: *vyote vyakubaliana*. Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo wengi hushindwa.

*Somo la reli yetu*

Watu wa Kamina hawahitaji mfano wa mbali ili waelewe jambo hili. Reli itokayo kusini ikapita Kamina ilifika Ilebo mwaka 1928. Upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1,067. Huko mashariki ilikuwako reli nyingine, ya Kalemie na Kabalo, nayo ilijengwa kwa upana wa milimita 1,000. Tofauti yake ni milimita 67 tu, hata upana wa kiganja haifiki. Lakini kwa sababu ya milimita hizo, behewa la upande mmoja lisingeweza kupita upande wa pili. Katika miaka ya 1950 reli ya mashariki ilipanuliwa, na mwaka 1956 njia ya Kamina hata Kabalo ikakamilika. Tangu hapo behewa moja liliweza kusafiri pande zote.

Kalibu za vipande ni vivyo hivyo. Ukitaka kila shingo ikae juu ya kila tumbo, lazima duara la kiungo liwe moja, na vishimo viwe mahali pale pale, kwa vipande vyote, sasa na hata mwakani. Umbo la nje la chombo waweza kulibadili upendavyo. Kipimo cha kiungo usikibadili kamwe. Chonga kipimo hicho katika bati au mbao ngumu, ukihifadhi kama mtu anavyohifadhi hati ya shamba lake.

Nchini Kenya twaona mfano mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kutazama majiko ya Thailand, watu walianza kutengeneza jiko la makaa lenye ganda la bati nje na udongo uliochomwa ndani. Mafundi wa bati hutengeneza ganda. Wafinyanzi, mara nyingi mahali pengine, hutengeneza kipande cha ndani. Mtu wa tatu huviunganisha. Kazi hii yawezekana kwa sababu vipimo vyakubaliana. Udongo ukizidi, hauingii; ukipungua, hucheza na kupasuka. Kipimo ndicho kilichowafanya mafundi wengi wasiojuana wawe kama karakana moja.

*Majaribio manne*

Sasa twaja kwa kijana wetu aliyesema: «Tununue plasta.» Twamwambia: ngoja kwanza. Kalibu haina akili. Huzaa kile ilichopewa. Ukiipa kosa moja, itakuzalia makosa hamsini yanayofanana. Kwa hiyo yakupasa kujaribu mambo manne kwa udogo, kabla ya kujaribu lolote kwa ukubwa.

*Kwanza, udongo.* Kila udongo husinyaa ukikauka, na tena ukichomwa, lakini si kwa kiasi kimoja. Tengeneza kijiti cha udongo, ukichore mstari wa sentimita 10 kamili. Kikaushe kivulini, upime. Kichome, upime tena. Wachoma matofali hawatakukatalia kukiweka kijiti chako katika tanuru yao. Kama mstari umekuwa sentimita 9, udongo wako hupoteza sehemu moja katika kumi. Basi ukitaka kikombe cha sentimita 9, chombo chako cha mfano kiwe cha sentimita 10. Fanya hivyo kwa udongo wa mtoni, na kwa udongo wa kichuguu ambao wafyatua matofali wa Katanga wanaupenda. Usichanganye namna mbili katika kalibu moja bila kupima mchanganyiko wake.

*Pili, uji.* Udongo ukikorogwa kwa maji matupu huhitaji maji mengi mno ili utiririke. Kalibu hulowa upesi, na chombo hupasuka. Dawa yake ni soda kidogo: magadi yaliyosafishwa, au silikati ya sodiamu, au vyote viwili. Soda huzifanya chembe za udongo zisukumane badala ya kushikana, na uji hulainika bila kuongezwa maji. Kwa kilo 10 za udongo mkavu, gramu 20 hadi 50 hutosha. Ikizidi, uji huganda tena, nayo plasta huliwa na kutoa unga mweupe. Njia iliyo rahisi ya kujua kama uji uko sawa ni mizani: lita moja na iwe na uzito wa kilo 1.75 hadi 1.8. Tena uwe tayari kukataliwa: uko udongo usioitikia soda hata ukifanyiwa nini. Ni heri kulijua hilo kwa kopo moja kuliko kwa pipa zima.

*Tatu, plasta.* Kwa kilo moja ya plasta tia gramu 700 za maji. Nyunyiza unga ndani ya maji. Usimwage maji juu ya unga. Uache ulowe dakika moja au mbili, kisha koroga taratibu bila kutia mapovu. Kipimo hiki kiwe kile kile kwa vipande vyote. Kwa nini? Kwa sababu plasta yenye maji mengi huwa na vitundu vingi, hunywa zaidi, na ni dhaifu. Kama ubavu wa kushoto wanywa kuliko wa kulia, chombo kitakuwa kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, nacho kitapinda motoni. Kwa sababu hiyo hiyo usiunganishe kipande kipya kikavu na kikuukuu kilicholowa. Vikaushe pamoja mahali penye upepo, wala usivisogeze kwenye moto mkali. Plasta ikipashwa kupita digrii 50 hivi, huanza kuharibika.

*Nne, kiungo.* Kumbuka kwamba plasta hushikamana na plasta. Kabla ya kumwaga kipande cha pili juu ya cha kwanza, paka sabuni laini mara tatu au nne, ukipangusa kila mara. Ukisahau sabuni mara moja, umepata jiwe badala ya kalibu. Kisha jua kwamba kila kiungo huacha mshono juu ya chombo, na kila mshono hudai kisu na sifongo. Vipande vikizidi, mishono huzidi, na uji hupata mahali pa kuvujia. Kwa hiyo usigawe kalibu ili kuonyesha ustadi. Kipande ambacho hakina kazi, kitoe.

*Daftari*

Katika majaribio hayo yote, chombo cha kwanza cha kazi ni daftari. Alikuwako mfinyanzi wa Uingereza, Josiah Wedgwood, aliyezaliwa mwaka 1730. Alianza karakana yake mwenyewe mwaka 1759. Katika miaka ya 1770 alitafuta namna mpya ya udongo mzuri wa kutengenezea vyombo vya mapambo, akafanya majaribio maelfu. Kila kipande cha jaribio alikitia namba, na namba hiyo aliiandika kitabuni pamoja na vipimo vyake. Hakuwa na mashine za leo. Alikuwa na mizani, moto, na uaminifu wa kuandika hata yale yaliyoharibika.

Mtoto wa shule aweza kuifanya kazi hii. Na aandike tarehe, namba ya kipande, uzito wa plasta na maji, dakika alizongoja, na unene uliopatikana. Akiandika «nyufa shingoni», ameandika neno la thamani kuliko «nzuri». Asiyeandika hurudia kosa lile lile na kudhani ni bahati mbaya.

*Mahali pa mama*

Sasa tumrudie mzee wetu, ambaye naye ana nusu yake ya ukweli. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati ufinyanzi ulikuwa kazi ya kina mama. Wao wanajua ni ukingo gani wa mto wenye udongo unaonata, ni upi wenye mchanga, na udongo upi hupasuka. Kijana mwenye kalibu bila maarifa hayo atamimina hasara.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Kalibu haiwezi kuchukua nafasi ya chungu cha kupikia. Chombo cha kumimina ni cha udongo laini, chenye ukuta mwembamba ulioshikana. Ukikiweka juu ya moto wa kuni, hupasuka. Chungu cha mama huvumilia moto kwa sababu ndani ya udongo wake mmetiwa mchanga au vigae vilivyopondwa, na chembe hizo kubwa huzuia ufa mdogo usienee. Maarifa hayo ni ya sayansi, ingawa hayakuandikwa kitabuni. Basi kila kazi ina mahali pake: chungu cha moto kwa mkono, chungu cha maua, kinara cha mshumaa, na chombo cha mapambo kwa kalibu.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Aliyewapa wengine vyombo vizuri, mwenyewe hula katika kigae. Sisi twapenda kuona methali hiyo ikikoma kuwa kweli. Mama akiwa ndiye mchaguzi wa udongo, baba au kaka mwenye useremala akitengeneza visanduku vya kumwagia plasta, kijana akishika mizani, na mdogo akishika daftari, hiyo si karakana ya mtu mmoja tena, bali ni kazi ya jamaa. Lakini fedha ikipatikana, na igawanywe kwa haki, wala mama asipewe asante tu.

*Hesabu na hatari*

Tuseme plasta ya kalibu fulani imegharimu faranga 30,000. Ikivunjika baada ya vyombo 10, kila chombo kimebeba faranga 3,000 za plasta. Ikitunzwa ikatoa vyombo 60, kila kimoja kimebeba faranga 500. Basi faida haitoki katika kununua kalibu. Hutoka katika kuitunza. Ndiyo sababu mafundi huhifadhi mfano wa kila kipande, yaani mama wa kalibu, ambao haumiminwi udongo kamwe, bali hutumika tu kuzalia kipande kipya cha kipimo kile kile.

Hatari nazo tuzitaje, kwa maana watoto watakuwa karibu. Plasta ikiganda huwa na joto kali. Mwaka 2007, nchini Uingereza, msichana wa miaka 16 alitia mikono yake katika plasta ili kupata mfano wake. Ilipoganda hakuweza kuitoa, akapoteza karibu vidole vyote. Mtoto asitie kamwe mkono wala mguu katika plasta. Vumbi la udongo mkavu na la plasta huumiza mapafu: pangusa kwa kitambaa chenye maji, usifagie kukavu. Makombo ya plasta yasiingie katika udongo, maana chombo kikichomwa, mahali pale hubanduka. Maji ya plasta yasimwagwe katika mfereji, kwani huganda humo na kuuziba.

Mwisho, na hili twalisema kwa mkazo: msipake chombo cha kulia au kunywea dawa ya kung'arisha yenye risasi, wala risasi iliyotolewa katika betri kuukuu. Risasi huingia katika chakula, na watoto wadogo huidhurika akili kwayo. Ndiyo maana twashauri kuanza na vyungu vya maua na vinara, mpaka mpate mwalimu wa kazi ya kung'arisha. Walimu wako: katika Akademia ya Sanaa ya Kinshasa, ambayo asili yake ni shule iliyoanzishwa na Bruda Marc Wallenda huko Gombe-Matadi mwaka 1943, ufinyanzi hufundishwa kama somo kamili.

*Neno letu*

Twamwambia kijana: kalibu si njia ya kukwepa maarifa. Ni njia ya kuyazidisha maarifa yaliyokwisha kupatikana. Asiyenayo atazidisha ujinga wake. Twamwambia mzee: usimvunje moyo anayejaribu kwa kupima na kuandika, kwa maana hata misalaba ya shaba ya mababu ilitoka katika kalibu. Na akina mama twawaambia: udongo uwahi ungali maji. Wafundisheni watoto kuujua udongo sasa, wakati mikono yenu ingali na nguvu, kwa sababu maarifa hayo hayauzwi pamoja na mfuko wa plasta.

Kabla ya kutumia faranga moja, nendeni mtoni mkalete udongo wa kujaza viganja viwili. Tengenezeni kijiti, chora mstari wa sentimita 10, na muuandike katika daftari: jaribio namba 1.